Vuta N'kuvute si ya kwanza kwenda Oscar

Wengi wanasema Vuta N'kuvute ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kwenye tuzo za filamu za Oscar. Hapana, imetanguliwa. Filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa Oscar ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipelekwa 2022, miaka 21 baadaye, ndiyo maana wengi wanadhani ndiyo iliyofungua njia. Na "kupelekwa" (nchi kuiwasilisha filamu ishindane) si "kuteuliwa" (kuingia kwenye orodha ya mwisho ya wanaowania) jamani, zote mbili ziliishia kupelekwa tu.

Maangamizi nimeiona kwa sababu ya Amandina Lihamba tu. Anacheza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili asiyesema neno, na daktari kutoka Marekani anahangaika kumfungua mdomo. Yule mama anaigiza kwa macho! Sauti ya filamu yenyewe imezeeka, ongeza spika.

Vuta N'kuvute ni nzuri kwa kutazama: Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro vya usiku, Yasmin aliyekimbia ndoa na Denge na siasa zake. Ila kama ulisoma riwaya ya Adam Shafi shuleni, utaona mengi yamekatwa, na mwendo wake wa polepole ulimlaza shemeji yangu kabla ya nusu saa. Mimi sikusinzia, lakini kitabu bado kiko juu.

Filamu iitwayo Binti, ya Seko Shamte (2021), ni habari nyingine, hiyo sifa yake ni kuingia Netflix, msiichanganye humu.