Mke anamaliza mbio mzima, mimi hoi: jibu la aliyewahi kupimwa

Sheikh, umeuliza kwa nini mkikimbia na mkeo kutoka Fumba mpaka mjini Unguja wewe unafika miguu mizito unatafuta boflo na chai, na yeye hana habari. Na kama hayo yanapimika.

Yanapimika: mbioni mwili unaunguza sukari na mafuta, akiba ya sukari ikipungua ndipo miguu inakuwa mizito, na mtambo unaonyesha nani anaunguza kipi zaidi. Nilipokuwa nasoma Uingereza nilijitolea kwenye maabara ya mazoezi. Unavishwa barakoa yenye mpira, unakimbia juu ya mashine, na pumzi zako zinapita kwenye mtambo. Kaboni dayoksaidi unayoitoa inagawanywa kwa oksijeni unayoitumia. Ukiunguza sukari tupu jibu ni 1, kwani molekuli 6 za oksijeni zinatoa 6 za kaboni dayoksaidi. Mafuta yanakula oksijeni zaidi, jibu linashuka kuelekea 0.7.

Tuliambiwa tuje na njaa ya tangu usiku. Mimi siku ya kwanza nikajipenyezea chapati mbili na chai ya sukari, nani atajua? Namba ikaanza juu mno. Mpimaji akanitazama, akauliza nimekula nini, akanirudisha nyumbani. Wanawake waliulizwa mpaka tarehe za hedhi, maana homoni nazo zinaisogeza namba.

Sasa la kwako. Mwendo mmoja si kazi moja. Yeye akiwa kwenye asilimia 60 ya uwezo wake na wewe uko kwenye 80, lazima uunguze sukari zaidi, hata angekuwa ni kakako. Maabara kila mtu hupewa asilimia ileile ya uwezo wake mwenyewe. Hata hivyo tofauti inabaki: mtafiti Tarnopolsky na wenzake, Kanada, 1990, waliwakimbiza wanaume 6 na wanawake 6 kilomita 15.5. Namba ya wanaume ilikuwa karibu 0.94, ya wanawake 0.88. Usione ni kidogo: ni kama asilimia 80 ya nguvu kutoka kwenye sukari, dhidi ya 60. Estrojeni, homoni ya kike, inatajwa sana kuwa ndiyo sababu. Wanaume waliopewa homoni hiyo nao waliunguza mafuta zaidi. Lakini waliokimbizwa Kanada ni watu 12 tu, na wapo wanawake wanaounguza sukari kuliko mimi.

Saa ya mkononi isikudanganye, haioni pumzi yako, inakisia tu.

Mimi siku hizi natoka Fumba na tende tatu mfukoni, nazila nikifika Kombeni, na mwendo ni ule wa kuweza kuzungumza. Mke wangu namwekea zake pia. Mara nyingi anarudi nazo nyumbani.