Mtoto wa miaka 9 na mazoezi ya kumbukumbu

Mama wa Mikindani, umeuliza kama michezo ya kumbukumbu ya kwenye simu itamkuza ubongo mwanao wa Darasa la Tatu anayesahau jedwali la kuzidisha. Usitoe hela yako. Mtoto akicheza sana huwa hodari wa mchezo uleule. Ustadi huo kwa kawaida hauhamii kwenye hesabu wala kusoma. Ubongo wake unakua wenyewe: sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayoshika mambo kwa muda mfupi, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Kinachosaidia ni kukumbuka bila kuangalia. Panga korosho mkekani, safu 6 za korosho 7. (Ziwe zimebanguliwa, mafuta ya ganda bichi huunguza ngozi.) Ahesabu, funika kwa ungo, muulize, "Sita mara saba?" Mwache afikirie kama sekunde 10 kabla hujafunua. Akikosea, aone jibu papo hapo, kisha muulize tena baada ya maswali mengine mawili. Dakika 10 zatosha, na mambo mapya yasizidi matatu kwa siku. Rudia kesho, keshokutwa, halafu baada ya wiki.

Kosa la wengi ni kumkaririsha saa nzima usiku. Anaimba tu, na usingizi unapungua, ilhali ubongo huimarisha ya mchana mtu akiwa amelala. Umri wake unahitaji saa 9 hadi 12.

Akisahau hata maagizo mafupi ya nyumbani, anza kwa kumpima masikio.