Muuguzi Anajibu: “Mama mkwe anasema gesi inaua”

Masika haya barua nyingi zimetoka kwa wazazi waliolala wodini na watoto wao. Nimechagua nne. Kwa msomaji mgeni: nilifanya kazi wodi ya watoto ya hospitali ya mkoa kwa miaka 31, sasa nimestaafu, na ninajibu kwa niliyofundishwa na niliyoyaona. Mtoto anayeumwa sasa hivi apelekwe kituo cha afya. Asisubiri jibu la gazeti.

SWALI: Shikamoo bibi. Mwaka jana mwanangu akiwa na miezi minane alilazwa kwa nimonia. Sista alipoleta mirija ya puani ya kumpa oksijeni, mama mkwe alinivuta pembeni akasema nisikubali, maana kijijini kwetu kila mtoto aliyewekewa gesi alirudi amefunikwa. Nikakataa. Sista akanifokea wodi nzima ikasikia. Kesho yake daktari alinibembeleza, nikakubali, na mtoto akapona. Juzi ameanza tena kukohoa na mama mkwe ameanza tena maneno yale yale. Nimjibu nini? – Mama wa Handeni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku ule.

Mama mkwe wako usimwone mjinga. Aliwaona watoto wakitiwa mirija, akawaona wakifa. Asichoelezwa ni kwamba zamani mirija ile ilikuwa inafika mwishoni kabisa. Nilipokuwa kijana kazini, wodi yetu ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na kichwa kimoja cha kuufungulia. Usiku mmoja wa mwaka 1994 tulikuwa na watoto watatu wanaouhitaji. Tukampa yule ambaye midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Hakufika asubuhi. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye vitanda vya jirani waliona mtoto, mirija, na shuka, kwa mfuatano huo. Mimi ningekuwa nimekaa pale ningesema hivyo hivyo wanavyosema wao.

Halafu jina lenyewe la gesi linatisha, kwa kuwa gesi tunayoijua ni ile ya jikoni. Hewa tunayovuta mimi na wewe, katika kila sehemu 100, sehemu 21 ni oksijeni. Ile mashine inayonguruma kando ya kitanda huvuta hewa ya chumba hicho hicho, ikaiondoa naitrojeni, na kinachotoka kwenye mrija kinakuwa karibu oksijeni tupu. Haina dawa ndani yake wala haina sumu. Katika nimonia, vile vifuko vidogo vya mapafu hujaa majimaji na usaha, hewa ikakosa pa kupita. Sindano za kuua vijidudu zinahitaji siku moja au mbili kufanya kazi. Oksijeni inamshikilia mtoto katika siku hizo.

Kuna kidude kinachobana kidole cha mtoto, kina taa nyekundu na namba inayoonesha oksijeni ilivyo kwenye damu. Namba ikiwa chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni hata kama wewe unamwona ametulia. Wakati mwingine hutulia kwa sababu amechoka kuhangaika. Mkirudi hospitali, mwombe sista amwoneshe mama mkwe namba hiyo kabla ya mirija, kisha amwoneshe tena baada ya dakika chache. Nimewaona bibi wakali wakikaa kimya mbele ya namba hiyo, halafu wakawa wao ndio walinzi wa mirija isichomoke. Jambo moja tu mlishike: karibu na oksijeni usiwashe mshumaa, koroboi wala kiberiti, hata umeme ukikatika. Moto hapo huruka.

Sasa kikohozi cha juzi. Mtoto akiwa amelala au ametulia, mfunue kifua umhesabie pumzi dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Aliyetimiza mwaka hadi miaka mitano, pumzi 40 na kuendelea ni nyingi, mpeleke kituoni leo. Mdogo zaidi, wa miezi 2 hadi 11, hesabu yake ni 50, na aliye chini ya miezi miwili ni 60. Ukiona chini ya mbavu kunabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, au anatapika kila kitu, au ameshikwa na degedege, au analegea na haamki vizuri, usingoje hata kupika uji. Toka uende.

Na ninakuomba sana asipelekwe kukatwa kimeo. Nimepokea watoto waliokatwa kwa sababu ya kikohozi, wamefika weupe kwa kuvuja damu, na nimonia yao iko pale pale kifuani. Kimeo hakina kosa lolote.

Yule sista aliyekufokea alikosea. Mzazi aliyeingiwa na hofu anahitaji kuelezwa, hata kama muuguzi yuko peke yake na vitanda 40. Nami niliwahi kumfokea mama mmoja kwa jambo kama lako, na sura yake bado ninaikumbuka.

SWALI: Mama muuguzi, nina jambo linaninyima usingizi. Binti yangu wa miaka mitatu alilazwa na malaria kali, mikono na miguu ya baridi, homa juu. Akawekewa dripu, lakini maji yalikuwa yanadondoka tone kwa tone. Kitanda cha jirani mtoto mwenye kuhara maji yake yalikuwa yanakwenda mbio. Nikadhani wetu amesahauliwa kwa kuwa hatuna mtu wa kutusemea. Sista alipogeuka nikakizungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira, maji yakaenda kasi. Baada ya muda alikiona, akakirudisha, akaniuliza nani kagusa, nikanyamaza. Binti alipona. Je, nilifanya vibaya? – Baba wa Korogwe

JIBU: Ulifanya jambo la hatari, baba, na ninashukuru umelisema. Wengi wamelifanya na hawatalisema.

Kinachonifanya nisikuhukumu ni hiki: kwa miaka mingi sisi wenyewe tulifikiri kama wewe. Tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi, damu yake haizunguki vizuri, basi ajazwe maji mshipani haraka. Tulifanya hivyo kwa nia safi. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, ambako hospitali ya Muheza ilishiriki. Aliyeuongoza ni daktari Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi. Watoto zaidi ya 3,000 wa namna ya binti yako waligawanywa kwa kura: wengine maji ya haraka, wengine maji ya kawaida ya polepole pamoja na dawa zao. Kila mtu alitarajia wa maji ya haraka wapone zaidi. Majibu yalipotolewa mwaka 2011 yalikuwa kinyume. Ndani ya saa 48, wa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Wa polepole walikufa 7 hivi.

Siku tuliyosomewa matokeo hayo kwenye kikao cha wodi, hakuna aliyeongea kwa muda. Kila mmoja alikuwa anawahesabu wake.

Basi yale matone uliyoyaona yalikuwa ndiyo matibabu. Mtoto mwenye malaria kali mwili wake umeelemewa, na mara nyingi damu imepungua pia. Ukimjaza maji ghafla unamwongezea mzigo.

Yule wa jirani ni habari nyingine kabisa. Aliyeharisha hadi macho yakadidimia na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, huyo amepoteza maji mwilini na anarudishiwa kilichopotea, haraka, kwa kipimo cha uzito wake: kila kilo mililita 100. Wa mwaka mmoja na kuendelea humaliza kwa saa tatu, aliye chini ya mwaka kwa saa sita. Utafiti ule haukuwagusa watoto wa kuhara. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyekonda au aliyevimba miguu, naye ana taratibu zake, za uangalifu zaidi ya wote hao. Kwa hiyo wodi moja, vitanda vitatu vilivyofuatana, kasi tatu tofauti, na hakuna aliyesahauliwa. Mngeelezwa hivyo mkono wako usingefika kwenye kigurudumu. Hilo ni deni letu wauguzi.

Macho yako hata hivyo yanahitajika hapo kitandani kuliko unavyodhani. Dripu ikisimama, ita. Mkono wenye sindano ukivimba au mtoto akilia ukiugusa, ita, maana maji yanaingia kwenye nyama badala ya mshipa. Pumzi zikianza kwenda mbio baada ya maji kuanza, ita haraka sana, usione haya kukimbia kwenye korido. Na uulize kwa maneno haya haya: “Sista, haya maji yanapaswa kuisha saa ngapi?” Ukijua saa, utaweza kuyalinda bila kuyagusa.

SWALI: Mwanangu ana selimundu (sikoseli), ana miaka minne na amelazwa mara nyingi. Siku hizi akiona tu geti la hospitali anapiga kelele. Huwa namwambia hawatamchoma, au kwamba haiumi. Nisaidie. – Mama wa Pangani

JIBU: Acha kumwambia hivyo, mama, hata kama unasema kwa huruma. Mtoto wa selimundu atachomwa sindano nyingi katika maisha yake. Kila ulipomwambia haiumi, ikauma, amejifunza kwamba hata wewe hauaminiki mkiwa pale. Mwambie ukweli muda mfupi kabla, si jana yake akakosa usingizi: “Atachoma mkono huu, itauma kidogo kama kuumwa na siafu, mimi nitakuwa nimekushika, halafu basi.” Kisha iwe hivyo hivyo.

Mpakate, kifua chake kwenye kifua chako, mkono unaochomwa uwe nje. Mtoto aliyelazwa chali na kushikwa na watu wanne anaogopa kwa namna nyingine kabisa. Mpe kazi: apulize kama anazima mshumaa, ashike pamba, achague mkono. Kama wodi ina chumba cha kuchomea, omba apelekwe huko, ili kitandani kwake pabaki mahali ambapo hakuna mtu anayemuumiza. Wachanga wanaochomwa wakiwa wananyonya hulia kidogo sana, jambo hili wenye watoto wachanga walishike.

Na nyumbani mwambie kila mtu, pamoja na shangazi na jirani, waache kumtishia, “Ukikataa kula nampigia daktari aje na sindano.” Maneno hayo ninayasikia hadi kwenye daladala. Sisi ndio tunaokutana nayo saa nane ya usiku, mtoto ana maumivu ya mifupa na hataki kushikwa na mtu mwenye sare nyeupe.

SWALI: Mke wangu amejifungua juzi, na mtoto wetu mkubwa wa miaka miwili amelazwa. Nataka kulala naye mimi. Nimeambiwa wodi ni ya akina mama. Je, nina haki? – Baba wa Tanga mjini

JIBU: Mtoto wako ana haki ya kuwa na wewe, na mimi ninaanzia hapo. Waelewe pia wanaokuzuia: usiku akina mama wamelala pale, wananyonyesha, wengine wamejifunga khanga tu. Nenda mchana kwa sista kiongozi wa wodi, usibishane na wa zamu ya usiku ambaye hana uwezo wa kuamua. Mweleze hali ya mkeo. Omba kitanda cha ukutani au cha karibu na meza ya wauguzi, nenda na khanga mbili za kuzungushia na kiti chako. Akina mama wenzako watakuzoea siku ya kwanza tu, hasa wakikuona unambadilisha mtoto nepi.

Shangazi au bibi anaweza kukupokea usiku ikishindikana kabisa, ila mchana wote uwepo wewe, maana mtoto wa miaka miwili akiamka asione sura anayoijua, hali na hanywi dawa.

Chukua kadi ya kliniki, kikombe na kijiko chake, nguo anayoipenda hata kama imechakaa, na daftari. Katika daftari andika saa ya kila dawa. Sindano ya malaria kali, kwa mfano, baada ya ya kwanza hufuata nyingine saa 12 baadaye, kisha nyingine inapotimia saa 24 tangu ile ya kwanza, na mtoto akishaweza kumeza hupewa dawa mseto siku tatu hadi ziishe. Zamu zinabadilika, wewe hubadiliki. Mwaka mmoja kabla sijastaafu, baba mmoja dereva wa bodaboda alinijia saa kumi alfajiri na daftari lake mkononi: “Sista, ya saa tisa bado.” Alikuwa sahihi. Nilikwenda nikaichoma.