Nani Mbora wa Kriketi katika Zama Zetu? Majibu kwa Wasomaji Watatu

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Sisi ni vijana wa baraza moja la kahawa hapa Sokomuhogo, Mjini Unguja. Ami yangu, ambaye amefuatilia kriketi kwa redio tangu ujana wake, anashikilia kwamba hakuna mpigaji wa zama hizi aliyemfikia Sachin Tendulkar wa India. Jirani yetu mmoja anasema Brian Lara wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibiani, ndiye mwenyewe, na hoja yake ni kwamba Lara alishinda mechi ambazo Tendulkar angezipoteza. Wiki iliyopita wazee hawa wameondoka barazani bila ya kuagana. Tunaomba utuamulie. (Msomaji, Sokomuhogo)

JAWABU: Waalaykumu ssalaam. Wape salamu zangu wazee wote wawili, na uwaambie kwamba ugomvi wao ni wa haki kabisa, kwa sababu watu hawa wawili walicheza miaka ile ile, mbele ya warushaji wale wale, na hata hivyo kila mmoja ana jambo ambalo mwenzake hana.

Kwanza tukubaliane juu ya mipaka. Tukisema zama zetu, mimi nahesabu tangu 1971, mwaka ilipochezwa mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja mjini Melbourne. Kwa hivyo Donald Bradman wa Australia, aliyestaafu 1948 na wastani wa mikimbio (yaani pointi za mpigaji) 99.94 katika mechi za siku tano, hayumo katika kesi hii. Tukimwingiza yeye, mjadala umekwisha kabla ya kahawa kumiminwa.

Ami yako ana hesabu upande wake. Tendulkar aliingia timu ya taifa mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 16, akatoka 2013, na katika miaka hiyo 24 alicheza mechi 200 za siku tano na kukusanya mikimbio 15,921. Mara 51 alifikisha mikimbio mia au zaidi katika mechi hizo, na mara 49 katika mechi za siku moja, jumla mara mia moja kamili. Mtoto wa skuli aliyemwona akianza alikuwa na watoto wake mwenyewe siku alipoaga.

Jirani yenu naye hakosi la kusema. Lara ndiye mwenye zamu ya kupiga iliyo kubwa kuliko zote katika mechi za kimataifa za siku tano, mikimbio 400 bila ya kutolewa, dhidi ya Uingereza kisiwani Antigua mwaka 2004. Miaka 10 kabla yake, hapo hapo Antigua na dhidi ya Uingereza hiyo hiyo, alipata 375. Aliiweka rekodi, ikavunjwa na mwengine, akarudi kuichukua. Jambo hilo hakulifanya mtu mwengine yeyote.

Lakini hoja ya kwamba Lara alishinda mechi ambazo Tendulkar angezipoteza siikubali, na nataka wazee wazitazame mechi mbili za mwaka 1999, zilizopishana kwa miezi miwili tu. Mwisho wa Januari, mjini Chennai, India ilihitaji mikimbio 271 kuishinda Pakistan. Wapigaji watano walikuwa wameshatolewa kwa mikimbio 82, na Tendulkar akabaki akipiga huku mgongo ukimuuma kiasi cha kumwona akikunja uso baada ya kila pigo. Alifika 136, ikabakia mikimbio 17, kisha akapiga mpira juu, ukadakwa, naye akatolewa. Wenzake waliobaki waliongeza mikimbio 4 tu baina yao, na India ikashindwa kwa 12. Mwisho wa Machi, mjini Bridgetown, West Indies ilihitaji 308 kuishinda Australia, na ilikuwa na 105 pale mpigaji wa tano alipotolewa. Lara alibaki hadi mwisho na mikimbio 153, lakini mtu wa mwisho kuungana naye alikuwa Courtney Walsh, mrushaji ambaye kupiga hakukuwa kazi yake kabisa. Walsh alikabiliwa na mipira michache, kila mmoja ukiwa unatosha kuimaliza mechi, akaihimili yote bila ya kupata mkimbio hata mmoja, kisha Lara akapiga pigo la ushindi.

Je, kilichowatenganisha Tendulkar na Lara katika siku hizo mbili ni ubora wao, au ni gongo la Walsh? Mimi nasema mchezaji apimwe kwa kile kilichokuwa mikononi mwake. Asipewe cheo kwa uvumilivu wa mwenzake wala asinyimwe kwa udhaifu wa wenzake. Na wala siku moja isimpandishe au imshushe mtu: tarehe 29 Februari 1996, Kenya ilipoishangaza dunia kwa kuishinda West Indies mjini Pune, Lara alitolewa na mrushaji Rajab Ali kwa mikimbio 8 tu. Nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo katika duka moja la Hurumzi, tukiisikiliza habari ile kwa redio ndogo iliyowekwa juu ya gunia la mchele.

Kwa hivyo hukumu yangu ni kwamba kwa umri mzima wa kazi Tendulkar yuko mbele, na kama ningepaswa kuchagua mtu mmoja wa kupiga kwa siku moja, maisha yangu yakitegemea, ningemwita Lara. Wazee wakitaka kuzidi kugombana, waongezeeni jina la Jacques Kallis wa Afrika Kusini, mwenye mikimbio 13,289, wiketi 292 (yaani wapigaji aliowatoa kwa kurusha) na madaka 200 katika mechi za siku tano. Amesahauliwa barazani kwa kuwa alifanya kila kitu kimya kimya.

SWALI: Maalim, kila mara mnazungumzia wapigaji. Mechi ya siku tano huwezi kuishinda mpaka uwatoe wapigaji 20 wa upande wa pili. Baina ya warushaji Shane Warne na Muttiah Muralitharan, ni yupi mkubwa? (Msomaji, Chake Chake, Pemba)

JAWABU: Umeligusa jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi, na nakushukuru. Warne wa Australia alipata wiketi 708 katika mechi 145. Muralitharan wa Sri Lanka alipata 800 katika mechi 133. Wanaomtetea Warne husema kwamba wiketi 176 za Muralitharan zilitoka kwa Bangladesh na Zimbabwe, timu dhaifu kwa wakati huo, ilhali Warne alipata 17 tu kwao. Ni kweli. Ukiziondoa, Muralitharan anabaki na 624. Ni kweli pia kwamba nchini Australia alipata wiketi 12 tu katika mechi tano. Lakini Warne naye alipokwenda India, wiketi 34 alizozipata katika mechi tisa zilimgharimu wastani wa mikimbio 43 kila moja. Kila mmoja alikuwa na nchi iliyomshinda.

Kwa uzuri wa mpira mmoja, hakuna wa kumfikia Warne. Mwaka 1993, Manchester, mpira wake wa kwanza dhidi ya Uingereza katika mfululizo ule ulianza kwenda sawa, ukaelea nje ya miguu ya mpigaji Mike Gatting, ukadunda, ukapinda ghafla kulipita gongo lake na kugonga juu ya kijiti cha upande wa pili, kimoja cha vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, akatolewa. Gatting alibaki amesimama akiutazama ukanda, njia ya kurushia mpira, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Hata hivyo, kwa kipimo kile kile nilichokitumia juu, mimi ninamweka Muralitharan mbele. Warne alikuwa na mrushaji mwenzake Glenn McGrath upande wa pili wa ukanda, mwenye wiketi 563 zake mwenyewe, hivyo mpigaji hakuwa na pa kukimbilia. Muralitharan, ukimtoa mrushaji mwenzake Chaminda Vaas, kwa miaka mingi aliubeba mzigo peke yake. Na aliubeba huku akituhumiwa kwamba anatupa mpira kwa kukunjua kiwiko badala ya kuurusha kihalali, tangu mwamuzi alipomwadhibu mbele ya umati wa Melbourne mwaka 1995. Kiwiko chake hakinyooki tangu kuzaliwa. Alipimwa maabara zaidi ya mara moja, na hatimaye sheria ikaruhusu kila mrushaji kukunjua mkono hadi nyuzi 15. Mtu aliyevumilia hayo na bado akafika Galle mwaka 2010, akiwa ametangaza kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho na anahitaji wiketi nane kutimiza 800, akazipata zote nane, ya mwisho ikiwa ndiyo ya mwisho ya India, huyo namheshimu kuliko wote.

SWALI: Shikamoo, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kike. Katika orodha zenu mbona hamna mwanamke? (Msomaji, Wete, Pemba)

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Kosa ni letu. Mithali Raj wa India alikusanya mikimbio 7,805 katika mechi za siku moja, na mwenzake Jhulan Goswami akapata wiketi 255. Lakini mimi ningeanza na Ellyse Perry wa Australia, aliyeingia timu ya taifa ya kriketi akiwa na miaka 16 na aliyecheza pia Kombe la Dunia la kandanda la wanawake mwaka 2011. Mnamo 2017, mjini Sydney, akicheza dhidi ya Uingereza, alikuwa na mikimbio 194 alipoupiga mpira hadi mpakani, akainua gongo kushangilia akidhani amepata sita na kuitimiza mia mbili. Waamuzi wakasema mpira ulidunda kabla ya mpaka, kwa hivyo ni minne. Alirudi mahala pake, akapiga minne mengine, akashangilia upya, na alibaki uwanjani na 213 bila ya kutolewa.