Nikijiita injinia bila leseni, nitashtakiwa?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nafunga pampu na mifumo ya maji kwenye majengo, huu mwaka wa 12, diploma ninayo ila sijasajiliwa na bodi yoyote. Saiti wote wananiita injinia, na mimi nikaprinti biznesi kadi zimeandikwa Eng. mbele ya jina langu. Juzi jamaa mmoja akaniambia hiyo kadi tu inatosha kunifikisha mahakamani, eti kweli? Mbona kazi zangu zote zinasimama mpaka leo.
Fundi Pampu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa huo mshtuko. Watu kukuita injinia saiti siyo kosa lako, nani atakamatwa kwa mdomo wa mwenzake? Kadi ndo habari nyingine, maana hapo umejitangaza mwenyewe, tena kwa mtu anayetaka kukupa kazi na hela.

Kama ni kosa au siyo inategemea unafanyia kazi nchi gani, maana sheria zimepishana kweli kweli. Uingereza neno injinia liko huru, hata anayekuja kutengeneza mashine ya kufulia anajiita hivyo na hakuna wa kumuuliza, kinacholindwa ni vyeo vya baraza lao la uhandisi kama ile CEng, yaani mhandisi aliyesajiliwa na hilo baraza. Ujerumani neno lenyewe linalindwa na sheria za majimbo, lazima uwe umelisomea. Kanada ndo wakali zaidi, huko bila kusajiliwa bora uliache kabisa.

Ila kuna kesi moja ya Oregon, Marekani, naipenda sana. Mama mmoja alipigwa faini ya kamera ya taa za barabarani mwaka 2013, mumewe ana digrii ya uhandisi wa umeme lakini leseni hana, akakaa chini akapiga hesabu za ile taa ya njano akagundua fomula inamsahau dereva anayepunguza mwendo ili akate kona, yaani njano inaisha yeye bado yuko katikati. Akaiandikia bodi ya wahandisi, akasema mimi ni injinia, hesabu zangu hizi hapa. Bodi ikampiga faini ya dola 500 kwa kufanya uinjinia bila leseni! Akaenda mahakama ya shirikisho na Desemba 2018 akashinda, ikaonekana kujiita injinia peke yake hakujamdanganya mtu, na ana haki ya kuongea hesabu zake.

Sasa usiikimbilie hiyo kesi ukasema umepona. Yule baba hakuwa anauza kitu. Wewe unauza, na mwenye nyumba akiona Eng. kwenye kadi anaamini kuna bodi imekupima na inaweza kukunyang'anya leseni ukiharibu. Kumbe hakuna. Mimi hapo ndo roho inaniuma, kwa sababu mteja hawezi kuona ndani ya ukuta, ana hiyo kadi tu.

Na hizi sheria hazikuletwa na wivu wa wasomi. Mwaka 1937 shule ya New London, Texas ililipuka, gesi ilivuja ikajaa chini ya sakafu, na enzi hizo haikuwa na harufu kwa hiyo hakuna aliyejua, wakafa karibu watu 300, wengi watoto. Mwaka huohuo Texas ikapitisha sheria ya kusajili wahandisi.

Kwa hiyo hizo kadi acha kuzigawa leo. Printi nyingine, andika Fundi wa pampu na mifumo ya maji, weka na diploma yako na hiyo miaka 12, ni sifa kubwa na ni ya kweli. Halafu ujue kubadilisha kadi hakutoshi, sehemu nyingi sheria inaangalia na kazi yenyewe, ile michoro na hesabu zinazotakiwa muhuri wa mhandisi mpe aliyesajiliwa asaini yeye, wewe ufunge.

SWALI: Dada, mimi naandika programu, kwenye mkataba kampuni imeniita softwea injinia. Na mimi nimo?
Wa Kompyuta

JIBU: Sehemu nyingi hapana. Marekani majimbo mengi yanamsamehe mwajiriwa anayefanya kazi ndani ya kampuni iliyomwajiri. Hata Alberta kule Kanada, chama cha wahandisi kilipeleka kampuni mahakamani kwa cheo hichohicho, 2023 kikashindwa, na mwaka huohuo jimbo likabadilisha sheria kuwaruhusu watu wa softwea. Ila ukiacha kazi ukaanza kutafuta wateja kwa jina lako, isome kwanza sheria ya uhandisi ya unapofanyia kazi, kile kipengele cha matumizi ya cheo, ndo uprinti kadi.