Plagi za Toyota IST: badilisha mwenyewe

Kaka, kama IST yako ni ile ya injini ya 1NZ, fundi wa nini? Kazi hiyo unaiweza. Ila injini ipoe kabisa: silinda hedi ni ya aluminiamu, plagi ikitolewa ya moto inaweza kung'oa nyuzi za shimo lake. Ondoa kava la plastiki, chomoa waya wa koili (inayoipa plagi umeme), fungua bolti kwa spana namba 10, vuta koili. Puliza vumbi shimoni kabla hujalegeza plagi, lisije likadondokea kwenye silinda. Boksi spana ya kufungulia plagi ni namba 16.

Kufunga ndiko watu wanakoharibu. Zungusha kwa vidole tu, na ekstensheni bila mpini, mpaka plagi ikae. Ikigoma, irudishe nyuma uanze upya, usiilazimishe. Ikishakaa, plagi mpya inataka nusu mzunguko hivi, basi. Plagi za ncha ya iridiamu usizigonge kurekebisha nafasi ya kuruka cheche, ncha yake inavunjika kirahisi.

Ukikuta oili shimoni, anza na gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini. Na iridiamu ya bei ya kutupa mimi siigusi, feki zimejaa.