Swali la Msomaji: Utashi Wangu Hupotelea Wapi Jioni?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naanika na kuuza dagaa Kibirizi, Kigoma. Kila asubuhi naazimia kuweka akiba ya ada, lakini nikirudi nyumbani jioni kupitia soko la Mwanga, fedha huishia kwenye vitenge na vikorokoro. Mbalamwezi ikiingia na wavuvi wasipotoka, sina kitu. Mume wangu anasema sina utashi. Je, utashi huongezwaje?

JIBU: Mama, mumeo naye tungependa kumwona akipita Mwanga na mauzo ya kutwa mfukoni. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa utashi hupungua kadiri unavyotumika, hasa baada ya jaribio la mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake lililochapishwa Marekani mwaka 1998, ambapo watu walioamriwa kula figili huku biskuti za chokoleti ziko mbele yao walikata tamaa mapema katika fumbo lisilo na jibu. Hata hivyo, mwaka 2016 maabara 23 zilipoipima upya dhana hiyo kwa washiriki zaidi ya 2,000, athari iliyoonekana ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo usiharakishe kuamini kwamba utashi wako umekwisha.

Linalokufaa zaidi ni alilobaini Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford: watoto walioahidiwa zawadi kubwa zaidi wakisubiri, walivumilia muda mrefu zaidi pale vitamu vilipofichwa kuliko vilipokuwa mbele ya macho yao. Basi fedha ya ada isifike Mwanga kabisa. Amua mapema, kwa maneno mahususi: "Mnunuzi akishanilipa, kabla sijakunja turubai, nitakwenda kwa wakala nimtumie mhazini wa kikoba fungu la ada." Kibubu cha chini ya kitanda sikupendekezei, hutobolewa na mwenyewe.

Mwanzoni itakulazimu kujikumbusha. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010, juu ya mazoea ya kila siku kama kula tunda au kufanya mazoezi, ulionyesha kuwa zoea huhitaji wastani wa siku 66 ili kukomaa, wengine wakizidi sana hapo, na kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Mbalamwezi itakukatiza kwa muda mrefu kuliko siku moja, ndiyo maana ni vyema umwombe mhazini akupigie simu giza linaporudi, siku ya mauzo ya kwanza, kabla hujaondoka Kibirizi.